DAMU, MFUPA NA KARAMA: Kufaulu na Kutofaulu kwa Riwaya ya Kwanza ya Tomi Adeyemi

1. Utangulizi

Riwaya iitwayo Children of Blood and Bone, yaani Watoto wa Damu na Mfupa, ilitolewa nchini Marekani mwezi Machi 2018. Ni kitabu cha kwanza cha Tomi Adeyemi, aliyezaliwa huko Marekani mwaka 1993 kwa wazazi waliotoka Nigeria. Mwandishi huyu alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaenda mjini Salvador, Brazil, kujifunza visasili na utamaduni wa Afrika Magharibi. Mwaka 2019 kitabu chake kilipewa tuzo mbili za riwaya za vijana, tuzo ya Andre Norton na tuzo ya Lodestar. Masimulizi yaliyoanzia humo yameendelea katika Children of Virtue and Vengeance (2019) na kumalizikia katika Children of Anguish and Anarchy (2024).

Huenda msomaji wa jarida hili akauliza: riwaya ya vijana, tena ya fantasia, yaani ya ulimwengu wa kubuniwa wenye miujiza na wanyama wasiokuwapo, ina nini cha kutufaa sisi tulio katika kazi ya theolojia? Tunajibu kwa sababu tatu. Kwanza, vijana wa sharika zetu wanaosoma sekondari na vyuo wanakisoma kitabu hiki na vingine vya aina yake, na wengine wao humjia mchungaji na maswali. Pili, msamiati wa riwaya hii ni msamiati wetu: miungu, makuhani, hekalu, damu, dhabihu, wafu, karama. Tatu, sisi wachungaji tumekuwa wepesi mno wa kutoa hukumu juu ya vitabu tusivyovisoma. Tulipokuwa tukijadili vitabu vya J. K. Rowling, ambavyo cha kwanza chake kilitoka mwaka 1997, wengi walihukumu kwa kuangalia jalada. Hukumu ya namna hiyo haimsaidii kijana, kwa kuwa yeye amekwisha kukisoma kitabu na anajua kwamba mchungaji wake hajakisoma.

Katika makala hii tunakusudia kuihakiki riwaya hii kwanza kama riwaya, kwa kuzingatia fani na maudhui yake, ndipo tuulize maswali yanayotuhusu sisi. Mpangilio huo tumeuchagua kwa makusudi, kwa maana kazi ya sanaa ina haki ya kusikilizwa kwa lugha yake kabla ya kuhojiwa kwa lugha ya mwingine.

2. Muhtasari wa Riwaya

Visa vinatokea katika ufalme wa kubuniwa uitwao Orïsha. Zamani watu wa koo kumi walikuwa na nguvu walizopewa na miungu: wengine waliamuru moto, wengine maji, wengine waliponya, wengine waliita roho za wafu. Miaka kumi na mmoja kabla ya kisa kuanza, nguvu hizo zilitoweka. Mfalme Saran alitumia nafasi hiyo kuwaua wote waliokuwa wamefikia umri wa kuzitumia. Walioachwa ni watoto, ambao hutambulika kwa nywele zao nyeupe. Hao wamekua katika dharau, wakitozwa kodi nzito, na wasioweza kulipa huchukuliwa kwenda kufanya kazi za kitumwa.

Zélie, msichana wa miaka kumi na saba, ni mmoja wao. Mama yake aliuawa katika mauaji yale. Binti mfalme, Amari, anatoroka ikulu na hati ya kale baada ya kushuhudia baba yake akimwua Binta, mtumishi wake na rafiki yake wa pekee, kwa sababu kuigusa hati hiyo kuliamsha nguvu zilizolala ndani ya msichana yule. Amari anakutana na Zélie na kaka yake, Tzain. Watatu hao wanapaswa kukusanya vitu vitatu vitakatifu, yaani hati, jiwe la jua na kisu cha mfupa, na kuvifikisha katika hekalu kwa ajili ya ibada inayoweza kurudisha nguvu zilizopotea. Muda wao ni mfupi. Nyuma yao anawafuata mwana wa mfalme, Inan, aliyeapa kuzikomesha nguvu hizo, naye anagundua kwa hofu kwamba yeye mwenyewe anazo.

Masimulizi hupokezanwa na watu watatu, Zélie, Amari na Inan, kila mmoja akisema kwa nafsi yake.

3. Neno Moja Lenye Taabu

Kabla ya kuendelea yatupasa kusema jambo juu ya lugha. Kiingereza cha kitabu hiki hutumia neno moja tu kwa nguvu zote zinazosimuliwa. Kiswahili hakituruhusu uvivu huo. Tunayo maneno uchawi, uganga, mazingaombwe, miujiza na karama, na kila moja lina hukumu yake ndani yake. Uchawi ni kudhuru kwa siri. Uganga ni kutibu. Mazingaombwe ni kiini macho. Karama ni kipawa kitolewacho bure kwa faida ya wote, kama Mtume Paulo anavyofundisha katika 1 Wakorintho 12.

Je, Zélie ni mchawi, ni mganga, au ni mwenye karama? Kijana wa Kitanzania aisomapo riwaya hii hana budi kuamua, hata kama hatambui kwamba anaamua. Mwandishi mwenyewe anakaribia kuliona tatizo hili pale anapoweka chini ya mungu mmoja, Babalúayé, wale waponyao na wale waletao maradhi. Katika hilo anaifuata kwa uaminifu imani ya Wayoruba, ambao humhesabu Babalúayé kuwa mwenye mamlaka juu ya ndui na juu ya kupona kwake. Hata hivyo hakulifuatilia jambo hilo. Swali la lini kipawa kinageuka kuwa uchawi linaguswa mara chache, kisha mbio za kisa zinalipita. Sisi katika makala hii tutatumia neno nguvu, ambalo halisifu wala halilaumu.

4. Kufaulu kwa Mwandishi

Jambo la kwanza ambalo mwandishi amefaulu ni kuuchora uonevu kama mfumo wenye taratibu zake, usiotegemea ukatili wa mtu mmoja. Mfalme Saran haishii katika kuua. Anatoza kodi. Kodi inazaa deni, deni linazaa utumwa, na utumwa unajenga majumba ya wakuu. Lugha ya watu walioonewa, ambayo katika kitabu ni Kiyoruba chenyewe, inafukuziwa mafichoni. Tusi moja linalowafananisha na mabuu linarudiwa mpaka linakuwa kana kwamba ni jina lao. Msomaji anaona jinsi neno linavyotangulia upanga. Mwandishi ameeleza katika neno lake la mwisho kitabuni kwamba aliandika huku akisikia habari za watu weusi wasio na silaha waliopigwa risasi na polisi nchini Marekani. Maumivu hayo ndiyo yanayokipa kitabu uzito, na ni kosa kukisoma kana kwamba kinahusu zamani za Afrika peke yake.

Pili, mwandishi amempa adui sababu. Saran alikuwa na mke na mtoto kabla ya hawa tunaowaona, nao waliuawa na watu wenye nguvu. Chuki yake imetoka katika kaburi. Mwandishi dhaifu angemfanya mfalme kuwa mwovu kwa kuzaliwa, na msomaji angelala usingizi mzuri. Hapa tunalazimika kukiri kwamba mtu aliyeumizwa kweli anaweza kuwa mwumizaji wa wengi, na kwamba uhalali wa msiba wake hauhalalishi matendo yake. Mchungaji yeyote aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa ukoo juu ya shamba atalitambua jambo hili.

Tatu, yupo Inan. Kwa maoni yetu huyu ndiye mhusika aliyechorwa kwa undani kuliko wote. Amefundishwa na baba yake kwamba wajibu hutangulia nafsi, naye hubeba mkononi kete ya mchezo aliyopewa na baba huyo, akiibana kila hofu inapomjia. Kisha nywele zake zinaanza kuingia weupe, na anachokichukia kwa watu wengine anakikuta ndani ya mwili wake. Anauficha weupe huo, anazikandamiza nguvu zake, na kadiri anavyozikandamiza ndivyo anavyozidi kuwa mkatili kwa wengine. Ni picha ya kweli ya mtu anayepigana nje na vita vilivyo ndani yake. Baba yake anapoigundua siri hiyo, upanga wake haumsazi hata mwanawe.

Nne, uhusiano wa Zélie na Amari unajengwa polepole, kwa tuhuma, kwa matusi, na hatimaye kwa heshima. Amari ana kovu mgongoni alilolipata utotoni, baba yake alipomlazimisha kupigana na ndugu yake. Zélie naye anatiwa jeraha mgongoni na mfalme huyo huyo, gerezani. Mwandishi hatoi hotuba juu ya kufanana huko. Anaacha migongo miwili iseme. Anaonyesha vilevile kwamba binti wa mtesaji anaweza kuwa dada wa mteswaji, ila kwa gharama: Amari anapaswa kuacha nyumba, jina na mwishowe baba yake.

Tano, kwa upande wa fani, sura za mwanzo ni za ufundi mzuri. Zinafunguka kwa wasichana wanaofundishwa kupigana kwa fimbo na bibi mmoja, Mama Agba, katika nyumba inayojifanya kuwa ya kushona nguo. Askari wanaingia kudai kodi. Katika kurasa chache tunajua nani anaogopa nani, nini kimepotea, na kwa nini hasira ya Zélie ni hatari kwake na kwa wengine. Wanafunzi wetu wanaojifunza kuhubiri wangefaidika kwa kuchunguza jinsi mambo mengi yanavyoelezwa pasipo maelezo.

5. Kutofaulu kwa Mwandishi

Udhaifu wa kwanza ni wa sauti. Mwandishi anayechagua wasimulizi watatu anaahidi macho matatu na ndimi tatu. Macho yapo, kwa maana kila mmoja anaona jambo lake. Lakini ulimi ni mmoja. Binti wa mvuvi, binti mfalme na kamanda wa jeshi wanasema kwa sentensi zile zile fupi, za kuhema, zenye mapigo ya moyo na pumzi zilizokatika. Ukifunika jina lililo juu ya sura, mara nyingi hutajua ni nani asemaye mpaka utajiwe mahali alipo. Wazee wetu hutambua mtu kwa kikohozi chake kabla hajafungua mlango. Wasimulizi hawa hawana kikohozi.

Udhaifu wa pili ni mapenzi ya Zélie na Inan. Askari walio chini ya Inan wameleta moto katika kijiji cha Zélie. Yeye mwenyewe ameapa kumwua. Baada ya siku chache, kwa kukutana katika ndoto, wanapendana. Hatusemi kwamba adui hawezi kupendwa. Sisi ndio wa mwisho kusema hivyo. Tunasema kwamba upatanisho una njia yake: kuna kuungama, kuna kulia, kuna kurudisha kilichochukuliwa, kuna muda. Mwandishi ameruka hatua hizo kwa kuwa riwaya za vijana za soko la Marekani hudai penzi la namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba Inan anapomsaliti Zélie, msomaji hashangai wala haumii kama ilivyotakiwa, kwa sababu hakuwahi kuamini.

Udhaifu wa tatu ni haraka. Kisa kinaruka kutoka kitu kitakatifu kimoja hadi kingine, na karibu kila sura inaishia kwenye ukingo wa shimo. Watu wanakufa na hawaliliwi. Lekan, mlinzi wa mwisho wa hekalu, anauawa, nasi tunaondoka pale mbio. Watumwa wanaangamia katika uwanja wa michezo wa mji wa Ibeji, ambako vita vya merikebu hufanywa kuwa tamasha, na kabla damu haijakauka tunafikiria hatua inayofuata. Zélie ni binti wa ukoo wenye mamlaka juu ya roho za wafu. Tungetarajia kwamba katika kitabu chake wafu wangepewa nafasi. Matanga hayana nafasi katika safari hii, na jamii isiyokaa matanga haiwezi kujua imepoteza nini.

Udhaifu wa nne, ulio mzito zaidi, unahusu namna dini ya Wayoruba ilivyotumiwa. Tueleze kwa haki. Mwandishi wa fantasia halazimiki kuandika kitabu cha elimu ya dini. Lakini akichukua majina halisi ya kitu ambacho watu wanakiabudu mpaka leo, Nigeria, Benin, Brazil na Kuba, anachukua na wajibu. Katika riwaya hii miungu ya Wayoruba, yaani orisha, wamekuwa hasa visima vya nguvu: Sàngó wa moto, Yemọja wa maji, Ògún wa chuma na ardhi. Eṣu, mjumbe na mlinzi wa njia panda, ambaye bila yeye sadaka haifiki, hatumkuti miongoni mwa miungu wa koo kumi. Òrúnmìla yupo, lakini Ifa, yaani mkusanyiko mkubwa wa mafundisho na maamuzi anaousimamia, hauonekani ukiwaongoza watu katika mwenendo wao. Mahali pa Olódùmarè pamechukuliwa na Mama wa Mbinguni.

Mwanatheolojia wa Nigeria, E. Bolaji Idowu, katika kitabu chake juu ya Olódùmarè kilichotolewa mwaka 1962, alionyesha kwamba imani hiyo ina kiini cha maadili, nalo neno lake ni iwa, yaani tabia. Mtu huulizwa amekuwa mtu wa namna gani. Katika riwaya ya Adeyemi mtu huulizwa ana nguvu gani. Hilo ni badiliko kubwa, na ni kijana wa Kiyoruba, kabla ya sisi wengine, anayepunjwa nalo.

Jiografia nayo imepata mkasa huo huo. Ilorin ya kitabu ni kijiji cha wavuvi kinachoelea juu ya maji. Ilorin halisi ni mji wa bara, ambao katika karne ya 19 ulikuwa chini ya emiri na kuhesabiwa katika himaya ya Kiislamu ya Sokoto, iliyotokana na vita vya Usman dan Fodio vilivyoanza mwaka 1804. Sokoto na Gombe pia zimetajwa kitabuni kana kwamba ni miji ya ufalme mmoja wenye miungu mmoja. Nigeria ya kweli, ambamo Waislamu, Wakristo na wafuasi wa orisha wamekaa ukoo mmoja na kula sahani moja, imefutwa. Hata alama zilizowekwa juu ya herufi katika majina kama Orïsha si za maandishi ya Kiyoruba. Ni mapambo ya kuonyesha ugeni.

Lakini tusiishie katika lawama. Jina la hekalu la kitabuni, Chândomblé, linatuonyesha njia aliyopita mwandishi. Candomblé ni dini ya Brazil, iliyojengwa na watu waliochukuliwa utumwani, Wayoruba wengi miongoni mwao, nao walihifadhi majina ya miungu wao katika nchi ya mateso. Adeyemi aliwakuta orisha Salvador. Aliyepokonywa nyumba hukusanya vipande anavyovikuta, na hatuwezi kumlaumu kwamba vipande havikamilishi chungu. Tunamlaumu pale tu anapokiuza chungu kama kizima.

6. Maji na Maji Maji

Riwaya hii inawaita watu wenye nguvu kwa neno maji, na msomaji wa Kiswahili hawezi kulisoma neno hilo bila kusimama. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji yaliyoaminiwa kuwa yatazigeuza risasi za Wajerumani. Yeye alinyongwa mwaka huo huo, na vita viliendelea hadi mwaka 1907. Mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua watu wengi sana kusini mwa nchi yetu.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), aliliuliza swali ambalo riwaya ya Adeyemi inalikwepa: je, kama nguvu iliyotuunganisha si ya kweli? Au kama ni ya kweli kwa kutuunganisha, lakini si ya kweli mbele ya bunduki? Shujaa wa Hussein ana shaka. Anaona watu wake wameamka kwa neno ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo, na hata katika gereza hawezi kulikana, kwa kuwa kulikana ni kuwaua mara ya pili walioinuka. Zélie naye ana shaka, lakini shaka yake ni juu ya nafsi yake, kama anaweza. Hajiulizi kwa muda wa kutosha kama inafaa.

Kwa Adeyemi uonevu umekuja kwa sababu wanyonge wamenyang'anywa nguvu, na utaondoka wakirudishiwa. Historia yetu inatufundisha kuwa na mashaka na hesabu hiyo. Waliopata nguvu wameonea pia. Ni haki kusema kwamba mwandishi alilisikia swali hilo, kwa maana mwishoni mwa kitabu Amari naye anaonekana kuwa na nguvu, na kitabu cha pili kinaanza na ufalme ambamo wakuu wamezipata kama walivyozipata wanyonge, na vita vikawa vibaya zaidi. Lakini katika kitabu hiki cha kwanza jibu ni jepesi mno.

7. Nywele Nyeupe

Jambo jingine linamhusu msomaji wa Tanzania kwa ukaribu unaoumiza. Watoto wa riwaya hii wanawindwa kwa alama ya mwili wasiyoichagua. Katika nchi yetu, hasa Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu wapo walioamini kwamba miili yao ina nguvu ya kuleta mali. Mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa ajili ya mauaji hayo. Tena akina bibi wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi.

Ni kwa sababu hiyo kitabu kinatusaidia na pia kinatutia hofu. Kinatusaidia, kwa kuwa kijana aliyemfuata Zélie kurasa nyingi, akasikia tusi analotukanwa na kuona kisu kikichora mgongo wake, hatakuwa mwepesi wa kumcheka mwenzake darasani kwa ajili ya ngozi yake. Fasihi imefanya hapo kazi ambayo mahubiri mengi hayajaifanya. Kinatutia hofu, kwa kuwa ndani ya riwaya wenye alama kweli wana nguvu zilizofichika mwilini. Mwindaji wa kitabuni amekosea kuua, lakini hakukosea kuamini. Mwindaji wa kwetu amekosea yote mawili. Tofauti hiyo haina budi kusemwa waziwazi na kila mchungaji au mwalimu atakayekijadili kitabu hiki na vijana: mtu mwenye ualbino ni mtu, hana nguvu ya kutajirisha wala mkosi wa kuleta, na uhai wake haupimwi kwa faida yake kwa wengine.

Kwa kulinganisha, Nnedi Okorafor katika riwaya yake ya kwanza, Zahrah the Windseeker (2005), alikuwa amekwisha kumchora msichana anayetengwa kwa ajili ya nywele zake. Kitabu kile kina uwanja mdogo na hakina majeshi, lakini kinampa mtoto nafasi ya kujitambua pasipo kumfanya silaha. Tunashauri visomwe pamoja.

8. Swali la Damu

Mwisho, damu. Jina la kitabu linaitaja, na ibada ya mwisho inaihitaji. Baba yake Zélie anauawa mbele yake hekaluni, na kifo hicho kinakuwa mlango ambao nguvu zinarudi kwa kupitia. Hapo Mkristo atavutwa kusema: tazama, ni mfano wa msalaba! Tunawasihi wanafunzi wetu wasiikimbilie njia hiyo. Baba yule hakujitoa, alichukuliwa. Damu yake inatumika kwa sababu imekwisha kumwagika. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 12, unasema habari za damu inenayo mema kuliko ile ya Habili, na tofauti iko hapo: damu ya Habili inadai, nyingine inasamehe. Damu ya riwaya hii bado inadai. Yafuatayo katika kitabu cha pili, ambacho kisasi kimetajwa hata katika jina lake, yanathibitisha hivyo.

Hatusemi haya kuwa kosa la mwandishi. Yeye hakuahidi kuandika Injili, na uaminifu wake katika kuonyesha damu idaiyo ni bora kuliko faraja ya bandia. Katika Mwanzo 4 Lameki anajisifu kwa kisasi kilichozidishwa mara nyingi, na katika Mathayo 18 Bwana anaigeuza hesabu ile ile kuwa ya msamaha. Kati ya sura hizo mbili ipo historia ndefu ya watu kama Zélie, ambao hawawezi kuambiwa wasamehe kabla ya mtu yeyote kukiri walichotendewa. Mhubiri anayetaka kufika Mathayo bila kupita Mwanzo atakutana na vijana wasiomsikiliza.

9. Hitimisho

Kwa jumla, hii ni riwaya ya kwanza yenye nguvu ya moyo kuliko nguvu ya mkono. Mwandishi ameona uonevu kwa macho makali, amewaumba Inan na Amari kwa undani, na amewapa vijana weusi ulimwengu ambamo wao ndio kitovu. Ameshindwa kutofautisha sauti za wasimulizi wake, ameharakisha mapenzi na misiba, na ameitumia dini ya watu hai kama ghala la silaha. Makosa ya fani ni ya mwandishi mchanga na hurekebishika. Kosa hilo la mwisho ni la soko zima la vitabu, wala si lake peke yake.

Kwa wachungaji tunashauri mambo matatu. Kwanza, kisomeni chote kabla ya kukitaja mimbarani. Pili, msikipige marufuku wala msikibatize. Mkiwa na kikundi cha vijana waliokisoma, waulizeni ni nani katika kitabu aliyeumizwa na akaumiza, na ni nani aliyeumizwa akakataa kuumiza. Watachelewa kumpata wa pili, na kuchelewa huko ndiko kutakakozaa mazungumzo. Tatu, waulizeni Zélie ni mchawi, mganga, au mwenye karama, kisha nyamazeni muwasikilize. Majibu yao yatawaeleza mengi juu ya yale wanayoyaogopa nyumbani kwao, na huenda mkasikia kwa mara ya kwanza jina la bibi au la jirani ambaye usalama wake unahitaji mtu wa kusimama naye.

Kwa wanafunzi tunaongeza neno moja. Katika nchi hii Shaaban Robert alikwisha kutuachia Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952), ambamo ndugu wenye husuda wamegeuzwa kuwa manyani, na ajabu hiyo inatumikia swali la tabia tangu mwanzo hadi mwisho. Fantasia ya Kiswahili yenye kuuliza mtu amekuwa wa namna gani haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Inahitaji mwandishi kijana, na miongoni mwa vijana wanaokisoma kitabu cha Adeyemi katika sharika zetu yumkini yupo.